Lango Lililofungwa: Maneno kwa Viongozi wa Walei juu ya Kushuhudia Siku za Maandamano



Ndugu wapendwa katika Kristo, wenyeviti wa mabaraza ya parokia, makatekista, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na ninyi vijana mliokubali kuketi nasi siku nzima ingawa mnajua kwamba mazungumzo haya yanawahusu kuliko yanavyotuhusu sisi:

Tume ya Haki na Amani imetuomba tuseme juu ya wajibu wa Mkristo pale wananchi wanapoinuka dhidi ya watawala wao. Mada hii ni pana, na aghalabu hujibiwa kwa haraka. Wako wanaosema kwamba kila mamlaka hutoka kwa Mungu, basi Mkristo akae nyumbani kwake na kusali. Wako wengine wanaosema kwamba padre asiyetembea mbele ya waandamanaji ameiuza kanzu yake. Leo hatukuja kuamua kati ya hao wawili. Tutaanza na jambo dogo lililotokea parokiani kwetu, jambo tusilopenda kulisema, kisha tuulize Kanisa lilifanya nini zamani katika siku kama hizo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, tarehe 25 Juni 2024. Parokia yetu iko kando ya barabara iendayo mjini. Tangu asubuhi vijana walipita kwa makundi, wakiwa na chupa za maji, bendera ndogo na simu zao, wakiupinga Mswada wa Fedha ambao kwao serikali ilitazamia kukusanya zaidi ya shilingi bilioni 346 za ziada. Wengi wao tuliwajua. Baadhi tuliwapa Komunyo ya Kwanza. Yapata saa tisa alasiri tukaona moshi, na mlinzi wetu, mzee mwenye subira nyingi, akaja ofisini mbio akauliza, "Padre, watoto wanakuja huku. Tufungue ama tufunge?" Nasi tukajibu, "Funga, mzee."

Tunaposema "sisi" hatukusudii kujificha ndani ya neno hilo. Amri ilitoka kinywani mwetu. Sababu tulikuwa nazo: kulikuwa na Sakramenti Takatifu kanisani, kulikuwa na watoto wa chekechea ambao wazazi wao hawakuweza kuja kuwachukua, na, tusidanganyane, kulikuwa na madirisha mapya yaliyotugharimu harambee tatu. Tulisikia mikono ikigonga bati la lango kwa muda usiozidi dakika tano. Kisha tukasikia milio. Kisha miguu ikikimbia kuelekea mtoni. Jioni tulisali Masifu kama kawaida.

Kesho yake alikuja mama mmoja wa jumuiya iliyo ng'ambo ya barabara. Hakuja kutulaumu. Alitaka kujua jambo moja tu: je, mwanawe, mwimbaji wa kwaya ya vijana, alionekana akipita hapa? Na kama alipita, ilikuwa saa ngapi, naye alielekea upande gani? Tulimjibu kwamba hatukuona. Hilo lilikuwa kweli tupu, kwa maana tulikuwa tumefunga. Mama alitushukuru, akaenda zake. Siku ya tatu alimpata kijana huyo katika wadi ya hospitali, mguu umevunjika, na kwenye karatasi ya kitandani pake imeandikwa kwamba ni mwanamume asiyejulikana. Tunamshukuru Mungu kwamba yu hai. Kwayani hajarudi.

Wapendwa, jibu lile la "hatukuona" ndilo lililotufanya tukubali kusimama mbele yenu leo. Katika lugha yetu ya Kiswahili neno "shahidi" lina maana mbili. Shahidi ni yule aliyeona jambo na anaweza kulisimulia mbele ya hakimu. Na shahidi ni yule aliyeuawa kwa ajili ya imani yake, kama tunavyowaita mashahidi wa Uganda. Sisi Wakatoliki tumeipenda sana maana ile ya pili. Tunaijengea makanisa, tunaiimbia nyimbo kila tarehe 3 Juni. Maana ya kwanza tumewaachia mawakili na waandishi wa habari. Lakini mtu hawezi kuifikia ile ya pili bila kupitia ile ya kwanza: hakuna aliyeuawa kwa ajili ya jambo ambalo hakukubali kuliona.

Tazameni katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 21, habari za Rispa binti Aya. Ni habari isiyosomwa mara nyingi Jumapili, nasi tunadhani tunajua kwa nini. Wana wawili wa Rispa, pamoja na wajukuu watano wa Sauli, walitolewa wauawe, na Mfalme Daudi mwenyewe, mpendwa wa Mungu, ndiye aliyewatoa. Miili iliachwa mlimani. Rispa hakuwa na jeshi wala cheo. Alitandika gunia juu ya mwamba, akakaa hapo tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha, akiwafukuza ndege mchana na wanyama usiku. Maandiko hayatuambii kwamba alitamka hata neno moja. Lakini mfalme aliambiwa alivyofanya mama huyo, akaikusanya mifupa na kuizika kwa heshima. Na ni baada ya hapo tu, yasema Maandiko, Mungu aliyasikia maombi kwa ajili ya nchi.

Rispa huyu tulimwona Nairobi. Mwaka 1992 tulikuwa na umri wa miaka 11, na habari zake zilitufikia kwa minong'ono ya wakubwa, maana redio ya taifa ya siku zile ilikuwa na maneno mawili tu kwa watu wa namna hiyo: wahuni na wachochezi. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wengi wao wazee kutoka mashambani, waliketi katika pembe ya bustani ya Uhuru, wakasusia chakula, wakidai wana wao 52 waachiliwe. Pamoja nao alikuwa Wangari Maathai. Kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria tangu 1982, kilikuwa kimekwisha kufutwa Desemba 1991, lakini waliofungwa kwa sababu ya kukipinga walikuwa bado gerezani. Tarehe 3 Machi polisi waliwashambulia kwa rungu na vitoa machozi. Maathai alipigwa hata akazirai. Baadhi ya akina mama walivua nguo zao mbele ya askari, na kila Mwafrika aliyelelewa na mama anajua laana hiyo ni ya namna gani. Tumehesabu katika kalenda ya liturujia: siku ile ilikuwa Jumanne, mkesha wa Jumatano ya Majivu.

Akina mama hao walikwenda wapi? Walikwenda katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, la ndugu zetu Waanglikana, nao wakafunguliwa. Walikaa humo karibu mwaka mzima, wakilala chini ya ardhi, mpaka mapema mwaka 1993 wafungwa wote isipokuwa mmoja walipokuwa wameachiliwa. Msidhani kwamba mlango ule ulifunguliwa bila gharama. Miaka mitano baadaye, tarehe 7 Julai 1997, polisi waliingia katika kanisa lilo hilo, wakawapiga watu ndani ya nyumba ya sala, na Mchungaji Timothy Njoya akaumizwa vibaya. Kufungua mlango hakumpi mtu hakika ya usalama. Sisi tulifunga wetu kwa kutafuta hakika hiyo.

Wala jambo hilo halikuwa la Kenya peke yake. Majuma yale ya 1992 yalikuwa ya ajabu katika sehemu hii ya Afrika. Jumapili tarehe 16 Februari, Wakristo wa Kinshasa walitoka makanisani baada ya Misa wakiwa na Biblia, rozari na matawi mikononi, wakidai Mkutano Mkuu wa Taifa, uliokuwa ukiongozwa na Askofu Mkuu Laurent Monsengwo na kusimamishwa na serikali ya Mobutu, ufunguliwe tena. Askari waliwapiga risasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hata leo. Mkutano ulifunguliwa tena mwezi wa Aprili. Na Jumapili tarehe 8 Machi, ya kwanza ya Kwaresima, katika parokia zote za Malawi ilisomwa Barua ya Kichungaji ya Maaskofu, iliyosema wazi juu ya umaskini, hofu na ukosefu wa haki katika nchi ambako kwa karibu miaka 30 hakuna aliyethubutu kuyasema hayo hadharani. Serikali ya Rais Banda iliitangaza barua hiyo kuwa ya uchochezi, na Maaskofu wakaitwa polisi kuhojiwa. Tarehe 14 Juni 1993 wananchi walipiga kura ya maoni, na karibu theluthi mbili wakachagua vyama vingi.

Kati ya Jumapili ile ya Kinshasa na ile ya Malawi ni siku 21. Katika siku hizo waamini walitembea, akina mama waliketi, na Maaskofu waliandika. Njia zilikuwa tatu, nasi hatuoni kwamba mojawapo iliitukuza Injili kuliko nyingine. Tunalosisitiza ni kwamba katika kila mahali yupo aliyekataa kusema "hatukuona."

Hapa lazima tumtaje Padre John Kaiser, mmisionari wa Mill Hill aliyefanya utume Kisii na baadaye Jimbo la Ngong. Wakati wa mapigano ya ardhi katika miaka ya 1990 aliishi na wakimbizi wa ndani huko Maela, na alikuwapo Desemba 1994 walipoondolewa kwa malori ya serikali. Aliyaandika aliyoyaona. Mwaka 1999 alikwenda mbele ya Tume ya Jaji Akiwumi akayasema, na majina ya wakubwa akayataja. Tarehe 24 Agosti 2000 mwili wake ulikutwa kando ya barabara karibu na Naivasha. Wapelelezi wa Marekani waliona kwamba huenda alijiua. Mahakama ya Kenya, katika uchunguzi uliomalizika mwaka 2007, iliamua kwamba aliuawa. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa. Sisi wakati ule tulikuwa wageni kabisa katika maisha ya seminari. Tunakumbuka mkuu wetu alitangaza kifo hicho wakati wa chakula cha jioni, na kwamba hakuna aliyeendelea kula. Tulidhani tumejifunza jambo jioni ile. Miaka 24 baadaye tukasema, "Funga, mzee."

Mtatuuliza: kwani kuandika kunasaidia nini? Chukueni mfano wa karibu. Tarehe 7 Julai 2025, katika kumbukumbu ya miaka 35 ya Saba Saba ya 1990, watu walitoka tena. Jioni ile polisi walitaja vifo 11. Kesho yake Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilitaja 31, na siku chache baadaye ikafikisha 38. Kati ya 11 na 38 ni watu 27. Kila mmoja wao ana mama, ana jumuiya, ana kadi ya ubatizo au jina katika daftari la shule. Tofauti hiyo haitoki katika hesabu ngumu. Inatoka kwa sababu ya mtu anayelala mochari bila jina, na jirani aliyeona akanyamaza. Vivyo hivyo juu ya waliotekwa nyara: kati ya Juni na Desemba 2024 Tume hiyo ilihesabu visa 82. Huenda wengine walirudi kwa sababu mtu fulani alikuwa ameandika namba ya gari.

Sasa neno juu ya bahasha. Tulisema juu ya madirisha. Katika harambee moja kati ya zile tatu alikuja mheshimiwa mmoja, akatoa kiasi kilichozidi vyote vilivyotolewa na jumuiya zetu kwa mwaka. Tulimpa kipaza sauti kabla ya baraka ya mwisho. Hatukusema kwamba ndiyo sababu tulifunga lango, maana hatujui moyo wetu mpaka huko chini. Lakini alasiri ile ya Juni tulimkumbuka. Kwa hiyo Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alipotangaza, Novemba 2024, kwamba fedha zilizotolewa na Rais katika parokia ya Soweto zirudishwe, kuna mapadre waliofurahi na kuna waliopiga hesabu kimya kimya. Sisi tulifanya yote mawili.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kuona ni kuona upande mmoja tu. Kanisa la nchi hii lina kidonda cha mwaka 2007 na mwanzo wa 2008, wakati watu zaidi ya 1,100 walipokufa baada ya uchaguzi, na kule Kiambaa, karibu na Eldoret, tarehe 1 Januari 2008, kanisa likachomwa moto na watu wakiwa ndani. Wachungaji wengi siku zile, wa madhehebu yote, walikuwa na jicho moja: waliona wafu wa kabila lao. Shahidi wa namna hiyo ni afadhali angenyamaza. Askari anayerusha kitoa machozi naye ana mke katika jumuiya fulani; akipigwa jiwe la kichwa, naye aandikwe.

Baada ya Juni 2024 kamati yetu ndogo ya haki na amani ilinunua daftari gumu la kurasa 200. Hatukubuni jambo kubwa. Tulikubaliana kwamba anayeona aandike siku, saa na mahali. Atenganishe aliyoyaona kwa macho yake na aliyoyasikia kwa wengine. Asiandike kabila la mtu. Asitie jina la aliyeumia bila ridhaa yake au ya jamaa zake. Picha za nyuso za vijana zisitumwe katika makundi ya simu, hata kwa nia njema, kwa maana huenda wengine waliotekwa nyara walitafutwa kwa njia hiyo hiyo. Nakala ya pili hukaa nje ya parokia, mahali ambapo watu wawili tu wanapajua, nasi si mmoja wao. Walei watatu huenda hospitali jioni ileile, kitanda kwa kitanda, kutafuta wasiojulikana. Hilo la mwisho lilipendekezwa na yule mama wa ng'ambo ya barabara, naye ndiye anayeliongoza. Na vijana wajue sheria: Ibara ya 37 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa mamlaka, kwa amani na bila silaha. Tunasoma maneno yote ya ibara hiyo, pamoja na yale ya mwisho.

Tarehe 25 Juni 2025, vijana walipotoka kuwakumbuka wenzao, lango letu lilikuwa wazi. Waliingia watu yapata sitini. Tuliwapa maji, wakaosha macho, wengine wakaketi kanisani chini ya madirisha yale. Hakuna kilichovunjwa. Tungependa kuishia hapo, lakini jambo halikuishia hapo.

Mtaa wa tatu kutoka kwetu, saa ileile, duka la mzee mmoja wa parokia, mtu aliyebeba msalaba katika Njia ya Msalaba kwa miaka mingi, lilivunjwa na kuporwa, mchele, sukari, hata mizani. Jumapili iliyofuata alitungojea mlangoni pa sakristia. Alisema, "Padre, kati ya wale mliowafungulia, ninyi mnajua ni wangapi walitoka dukani mwangu?" Tulimjibu kwamba hatujui. Aliuliza kama waliowafukuza vijana wale walikuwa polisi peke yao, au walikuwapo pia wale wenye rungu wasiovaa sare, ambao kila mtu mjini anajua hulipwa. Tukamwambia kwamba hilo tuliliona, na limeandikwa. Akasema, "Basi andikeni na mizani yangu."

Tumeiandika: ukurasa wa 31, pamoja na magunia, na bei kama alivyoitaja yeye, na saa kama walivyoikumbuka majirani wawili. Mzee huyo hajarudi kanisani tangu siku ile, bali mkewe huja. Tumekwenda kwake mara nne. Mara ya nne alitukaribisha chai, akatuuliza kama lango tutalifungua tena siku nyingine ikifika. Tulimwambia kwamba tutalifungua. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba yeye angependa, siku hiyo, awe amesimama hapo langoni pamoja na mlinzi, aone wanaoingia.

Kamati imemkubalia. Daftari liko ofisini, na yeyote kati yenu mwenye aliyoyaona katika siku hizo, hata kama ni dogo, aje baada ya Misa ya pili.